Slaidi ya Sita na Mingazi ya Lubondja

Mama aliyekuja kunitafuta mjini Baraka alikuwa ametoka Lubondja kwa pikipiki, na vumbi la njia lilikuwa bado kwenye nyusi zake. Alisimama mlangoni pa chumba ninamoandikia ripoti za mikutano ya watu, akanitazama mpaka akahakikisha kuwa ni mimi.

“We njo ule wa mashine ya ku ukuta?”

Nilichelewa kumwelewa. Mashine ya ukutani ilikuwa projekta niliyoibeba hadi Lubondja miaka tisa iliyopita, wenye mashamba na wakimbizi kutoka Burundi walipoitwa pamoja kukubaliana namna ya kuazimana ardhi. Wakati huo nilikuwa nimeacha kazi ya redio, naajiriwa kikao kwa kikao. Nilitayarisha slaidi za kuonyeshwa, nikaandika yanayosemwa, nikapeleka ripoti. Mama huyu alikuwa mmoja wa wakimbizi waliokaa kwenye mabenchi ya kanisa siku ile. Nilimkumbuka kwa sababu alisoma kila slaidi akisogeza midomo, bila kutoa sauti.

“Njo mimi, mama. Karibu, ikala.”

“Sikuje kuikala. Banataka kukata mingazi yangu.”

Kwetu Fizi, shamba la kuazima lina sheria ambayo hakuna aliyeiandika. Unapewa ardhi, unapanda muhogo, mahindi, karanga. Unavuna, unampelekea mwenye shamba kikapu kimoja cha shukrani, na msimu ukiisha anaweza kukuambia usogee. Mti ni jambo lingine. Anayepanda mngazi, mti wa mawese, anawaambia majirani bila kufungua kinywa kwamba atakuwa hapo hata wajukuu wake wakizaliwa. Ndiyo maana aliyeazima hapandi mti. Hata mtoto anayetumwa kuchota maji anajua.

Mama alikuwa amepanda mingazi kumi na minane, mstari mmoja, kandokando ya mpaka wa shamba aliloazimwa na mzee mmoja wa pale. Mingazi ilikua, ikazaa, akawa anakamua mafuta. Mzee akafa. Mwanawe akarudi kutoka Kilembwe alikokuwa akifanya biashara ndogo, akakagua mashamba ya baba yake, akakuta mstari wa mingazi ambao hakuna mtu wa ukoo aliyeupanda. Akasema mgeni anataka kunyakua ardhi. Mama akajibu kwamba aliruhusiwa, tena mbele ya kijiji kizima.

“Mashine njo ilisema. Nilisoma na macho yangu. Mingazi kando ya mupaka, sawa. Na ule mzee aliinua mukono. Sasa banasema miye ni muongo. Siku ya posho kikao itaketi. Kama haiko karatasi, banakata.”

Siku ya posho ni Jumamosi. Ilikuwa Jumatano.

Karatasi haikuwepo. Ripoti za vikao vile zilikuwa zimehifadhiwa katika ofisi moja karibu na ufuo, na maji ya ziwa yalipopanda, makabati yalisimama ndani ya maji hadi katikati. Lakini mimi situpi kitu. Nilikuwa na flashi za zamani ndani ya kopo la maziwa ya unga, kila moja na kipande cha plasta chenye jina la kijiji. Ya Lubondja ilikuwepo. Ndani yake faili lilikuwa moja tu, na jina lake liliishia kwa herufi tatu: ppt.

Simu yangu ilikataa kulifungua. Kompyuta yangu ilijaribu, ikaonyesha kurasa zenye miraba mitupu na herufi zilizopandana kama watu wanaosukumana kwenye dirisha la dawa. Faili za slaidi za siku hizi huishia kwa ppt na x, na hizo nazifahamu: ni kifurushi chenye karatasi nyingi ndani, ukikifungua unaona kila karatasi mahali pake. Ppt yenyewe, bila x, ni ya kizazi cha kompyuta ambazo wengi wetu tumekwisha kuzifanya viti vya kuku. Nilibadilisha aina ya herufi, nikabofya hapa na pale, na slaidi zikaanza kusomeka. Mama alikuwa amekubali kukaa. Tulipofika ya sita alisogeza midomo, kisha akaacha.

Ilikuwa imeandikwa: *Miti ya kudumu hairuhusiwi.*

“Haiko hii,” alisema.

“Njo hii, mama. Angalia, ni Lubondja.”

“Nakuambia haiko hii. Ile nilisoma ilikuwa na rangi ya buluu.”

Maandishi niliyoyaona yalikuwa meusi. Slaidi nyingine zote, kuanzia kichwa hadi azimio la mwisho, zilikuwa za buluu. Mtu aliyefanya kazi ya redio hujifunza kusikiliza kitu kidogo kinachogoma kukaa na wenzake. Nilimwambia mama arudi nyumbani, Jumamosi nitakuja mwenyewe. Hakuuliza nitakuja na nini, wala mimi sikujua.

Nina rafiki anayefundisha hesabu katika shule ya sekondari hapa Baraka. Tulisoma pamoja, na tangu zamani ni mtu asiyeweza kuona redio mbovu bila kuifungua. Alhamisi alasiri nilimkuta darasani anafuta ubao. Nilimweleza habari yote, akanyoosha mkono kuomba flashi kama daktari anayeomba kadi ya mgonjwa.

“Na we ulitengeneza hii kazi namna gani?” aliuliza. “Kuanzia mwanzo. Usinifiche kitu.”

Nilimweleza jinsi sisi waandishi wa vikao tulivyofanya kazi. Hakuna aliyeanza na ukurasa mtupu. Ulichukua slaidi za kikao kilichopita, ukazinakili, ukabadilisha jina la faili, ukafungua, ukafuta jina la kijiji kile na kuandika la hiki, na kadhalika, slaidi kwa slaidi. Za Lubondja nilizitoa kwenye zile za Kilembwe. Ndivyo tulivyofundishwa na waliotutangulia, na ndivyo tulivyowafundisha waliotufuata.

“Kumbe! Zile ripoti zenu zote ni mutoto moja mwenye majina mingi,” alicheka. “Na kwa kuhifadhi, ulikuwa unabonyeza *Enregistrer*, kuhifadhi tu, ama *Enregistrer sous*, kuhifadhi na jina ingine?”

“Enregistrer tu. Kila mara.”

“Muzuri. Uvivu yako itatusaidia.”

Alifungua faili kwa programu ambayo haionyeshi slaidi hata moja. Upande wa kushoto wa kioo ulijaa namba na herufi zilizochanganyika, mstari chini ya mstari, na upande wa kulia nukta nyingi, na kati ya nukta hizo, mara moja moja, neno la Kiswahili. Nilihisi kama nimeinua mkeka wa nyumba niliyodhani naijua.

Alianza kunifundisha, na nilichukua daftari, kwa sababu ninapoandika ndipo ninapoelewa. Faili la ppt, alisema, ni sanduku lenye visanduku ndani. Kimoja kina picha. Kikubwa kina slaidi zenyewe. Katika kikubwa hicho kila kitu kimepangwa kwa vipande, na mwanzoni mwa kila kipande kuna baiti nane zinazotoa taarifa: mimi ni kipande cha aina gani, na urefu wangu ni huu. Programu inasoma baiti hizo nane, inajua ihesabu mpaka wapi, kisha inaingia kipande kinachofuata. Nilijaribu mwenyewe kwa kidole juu ya kioo, nikakosea mara mbili, mara ya tatu nikaangukia hasa pale kipande kilipoishia. Nilifurahi kama mwanafunzi wake.

“Sasa sikiliza, hapa njo penye mambo,” alisema. “Kompyuta za zamani zilikuwa polepole. Kuandika faili yote upya kulikula dakika. Kwa hiyo walizipatia njia ya mkato: kuhifadhi haraka. Ukibadilisha slaidi moja, programu haigusi ile ya zamani. Inaandika ile mupya kule nyuma, mwisho wa faili, halafu inaweka alama: kuanzia leo, slaidi ya tano ni hii hapa. Na ile alama inaonyesha pia mahali pa alama iliyotangulia.”

“Na ile ya zamani?”

“Inabaki. Ni kama nyumba ambayo mwenyewe aliongeza chumba nyuma, akaziba mlango wa chumba cha kwanza na matofali. Chumba kipo. Mlango hakuna.”

Ndani ya faili letu kulikuwa na alama tatu, yaani faili lilihifadhiwa mara tatu. Kisanduku kidogo pembeni kilitupa mahali pa alama ya mwisho, ya mwisho ikatutuma kwa ya pili, ya pili kwa ya kwanza. Kisha alitafuta neno *mingazi* katika sanduku kubwa. Kompyuta ilisimama mahali fulani karibu na mwanzo, na kati ya nukta nikasoma: *Kandokando ya mpaka mingazi inaruhusiwa.*

Niliruka kutoka kwenye benchi. “Mama yuko sawa! Ile pale!”

“Ikala kwanza,” alisema mwalimu. “Iko chini ya alama gani?”

Ilikuwa chini ya alama ya kwanza. Na chini ya alama ya kwanza, slaidi ya kichwa ilisema Kilembwe. Huko wenye mashamba walikuwa wamekubali mingazi ya mpakani na kugawana ngazi, yaani matunda yake. Maneno hayo yalikuwa ya kijiji kingine, mabaki ya kazi yangu ya kunakili.

Nilikaa. Kwa hiyo mama alikuwa amesema uongo, au amesikia habari za Kilembwe sokoni na kuzichanganya na zake. Nilianza kufikiri maneno ya kumwambia. Lakini mwalimu hakuwa amemaliza. Alikuwa akiandika ubaoni kwa chaki, chini ya kila alama, slaidi zilizobadilishwa mara ile. Alama ya kwanza: zote, maana ndiyo iliyobeba faili zima la Kilembwe. Alama ya pili: moja, mbili, tatu, nne, tano, saba, nane. Alama ya tatu: sita na tisa.

Alirudi nyuma hatua mbili, akaangalia ubao, kisha akaniangalia mimi.

“Ndugu yangu, mara ya pili, sita iko wapi?”

Ndipo nilipokumbuka, na nilikumbuka yote kwa pamoja. Alama ya pili ilikuwa ya jioni ya kabla ya kikao, nyumbani, nilipofuta Kilembwe na kuandika Lubondja. Niliiruka slaidi ya sita. Wenye mashamba wa Lubondja walikuwa wameniambia mapema kwamba hawataki miti, na nilikuwa nimeandika hivyo katika daftari, lakini katika slaidi niliruka. Asubuhi yake niliziangaza nane za kwanza ukutani moja baada ya nyingine; ya tisa ilingoja maazimio. Mwenyekiti akauliza kama wamekubaliana, mikono ikainuka. Wakati wa chakula, nikiwa na bugali mkononi, nilipitia slaidi ili niandike maazimio katika ya tisa, nikaiona ya sita. Niliibandikia sentensi mpya haraka, nyeusi, sikujali rangi. Nilifikiri nitaionyesha tena alasiri na kueleza. Kabla hatujaanza, jenereta likazimika na halikuwaka tena. Alasiri yote tulizungumza bila ukuta. Ripoti niliyoipeleka ilikuwa na maneno sahihi, nikajiambia kwamba ripoti ndiyo yenye nguvu.

Nilimwambia mwalimu hivyo hivyo. Alifuta chaki mikononi.

“Basi ule mama alisoma kile kilikuwa ku ukuta.”

“Alisoma.”

“Na we njo ulikiweka.”

“Mimi.”

Kisha akasema kwa sauti ya kunijaribu, “Unaweza kuwaambia faili ilikataa kufunguka. Ni ya zamani. Nani atabisha?”

“Wewe.”

“Mi niko mwalimu wa hesabu. Siko kikao ya kijiji.” Akanipa flashi. “Lakini usikuje kesho kuniambia ulisema ivo.”

Jumamosi kikao kilikaa katika kanisa lile lile. Mwana wa marehemu alikuwa mbele, mtu wa miaka arobaini hivi, shati lake limepigwa pasi. Mama yake, mjane wa mzee, alikaa kando yake. Mama wa mingazi alikaa peke yake kwenye benchi la pili. Wazee watatu wa kijiji waliongoza. Nilikuja na kompyuta, nikiwa nimeichaji Baraka, maana sikutaka tena kutegemea jenereta la mtu.

Nilieleza kwa utaratibu. Niliwaonyesha kwanza slaidi ya sita kama inavyoonekana leo, na mwana wa marehemu akagonga benchi kwa furaha. “Si niliwaambia? Hii mama ni muongo!” Nikamwomba asubiri. Nikawaonyesha sentensi ya zamani, na kutoka nyuma mtu akapiga vigelegele. Nikaomba naye asubiri. Kisha nikachora chini kwa kijiti vyumba vitatu, cha Kilembwe, cha asubuhi, na cha baada ya chakula, nikaonyesha ni slaidi zipi ziliingia katika kila chumba. Asubuhi, nilisema, mliona jina la Lubondja na maneno ya Kilembwe. Hakuna aliyedanganya. Aliyekosea ni mimi, na nilipojua, nilinyamaza.

Kelele zilizofuata sikuziandika. Mmoja wa wazee aliniuliza kama ningewalipa wenye mashamba iwapo wakimbizi wote wangepanda miti baada ya siku ile. Mwingine alisema ndiyo maana yeye haamini kitu kinachowaka na umeme. Mwana wa marehemu alingoja watulie. Alikuwa mtu mwenye akili, na swali lake ndilo lililokuwa gumu kuliko yote.

“Yaya,” aliniita, kama anavyoitwa ndugu mkubwa, “baba yangu aliinua mukono. Lakini macho yake yalikuwa yamechoka, maandishi hakuwa anaona. Aliinua kwa mingazi, ama aliinua kwa sababu bengine baliinua?”

“Sijui,” nilisema.

“Mashine yako haijui?”

“Haijui. Inajua nilichoandika mimi na mpangilio wake. Mikono haikuandikwa popote.”

Alitikisa kichwa polepole. Niliona kwamba jibu lile lilimpa haki ya kukata mingazi: kama haijulikani baba alikubali nini, basi inabaki sheria ya zamani, na sheria ya zamani inasema aliyeazima hapandi mti. Mzee aliyeongoza naye aliliona. Alianza kusema, “Basi, kama ni ivo…”

Mjane aliinua mkono wake.

“Baba yako hakuona maandishi,” alimwambia mwanawe. “Lakini kila siku ya Mungu alipita pale tukienda misa. Mingazi ilikuwa inamufika pa magoti, halafu pa kiuno, halafu ikamupita. Ile aliona. Siku moja alivunja ukuti akajipepea nao hadi kanisani. Sikumusikia hata mara moja aseme: nani amepanda hii?”

Watu walicheka, kwa sababu walimjua mzee na joto lake. Mwana wa marehemu hakucheka. Alimtazama mama yake muda mrefu, kisha akamgeukia yule mkimbizi kwa mara ya kwanza siku ile.

“Mama, we utaongeza mingine?”

“Hata moja. Nataka hii kumi na munane tu.”

“Na shamba ni ya nani?”

“Ni yenu. Sikusemaka ni yangu.”

Akakubali. Mingazi isimame, mama avune muda wote atakaokaa Lubondja, mafuta ya chungu cha mjane yatoke katika mingazi hiyo, na mpaka upimwe siku ile ile, kwa kamba, wote wakiona. Wazee walipitisha. Niliandika kwa mkono nakala tatu, wakaweka vidole, na mara hii niliwasomea kila mstari kwa sauti na kungoja kila mmoja aseme amesikia.

Tulipotoka, wanaume walikuwa wamekwisha kutangulia na kamba shambani. Mama alibaki nyuma, nikadhani anataka kunishukuru. Nilikuwa tayari na maneno ya kumwambia kwamba si kitu.

“Siku ile, ulijua saa gani?” aliuliza.

“Wakati wa chakula.”

“Nilikuwa wapi?”

“Ulikuwa nje, na bamama bengine, munakula.”

“Kumbe ulituona.” Alirekebisha kitambaa chake kichwani. “Unajua, kama bangekata mingazi ningelia, halafu ningepanda muhogo. Mi nimesha kupoteza vitu kuliko mingazi. Lakini tangu mzee akufe bananiita muongo. Batoto yangu baliniuliza: mama, kweli ulisoma? Mwisho nikaanza kujiuliza miye mwenyewe kama ninajua kusoma. Ungesema neno moja tu, pale pa chakula.”

“Ni kweli, mama. Nisamehe.”

Kutoka shambani mtu alipaza sauti kwamba kamba imekuwa fupi, waanzie kwenye mngazi wa pili. Mama aligeuka, akaanza kutembea haraka kuelekea huko, huku akipunga mkono na kuwaambia wasubiri: yeye ndiye atakayeshika ncha ile nyingine.